POLE SI FIDIA: Kijana wa godauni, ijue foklifti, ijue na haki yako

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na dereva mstaafu wa foklifti mbele ya vijana wanaofanya vibarua katika maghala ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Tunaichapa kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawakuwapo. – Mhariri.

Wadogo zangu, na wewe msomaji ambaye hukufika hapa lakini kesho alfajiri utakuwa getini ukisubiri kuitwa,

Nimeombwa nizungumze juu ya usalama kazini. Najua neno hilo likitajwa wengi mnaanza kupiga miayo. Mmelizoea kutoka kwa mabwana wakubwa. Kila mwaka tarehe 28 Aprili, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani, wanavaa kofia nyeupe za plastiki, wanapiga picha, wanakunywa maji ya chupa, wanapanda magari yao wanaondoka. Kofia zinarudi stoo mpaka mwakani. Wewe unabaki na ndala zako mbele ya mashine ya tani nne.

Mimi sikuja na kofia. Nimekuja na mambo mawili tu. La kwanza: foklifti ni mnyama wa namna gani, na anaumiza kwa njia zipi. La pili: ikikuumiza, nani anatakiwa kukulipa, na kwa nini mara nyingi halipi. Ukiondoka hapa na hayo mawili, nauli yako haikwenda bure.

MNYAMA HUYU NI NANI?

Ukiiona foklifti unaweza kuidharau. Ni fupi, haina bodi, mwendo wake wa pole. Watoto wa mtaani wanadhani ni gari la kuchezea. Sasa sikiliza hesabu. Foklifti ya kawaida, ile yenye uwezo wa kunyanyua tani mbili na nusu, yenyewe tupu ina uzito wa kama tani tatu na nusu mpaka nne. Gari dogo la saluni lina tani moja na kitu. Maana yake ukikanyagwa na foklifti isiyo na mzigo, ni kama umekanyagwa na taksi tatu zilizopandana.

Uzito huo wamewekea makusudi. Nyuma ya kiti cha dereva kuna bonge la chuma ambalo kazi yake ni ile ile ya jiwe la mizani: mzigo uko mbele kwenye zile pembe mbili, jiwe liko nyuma, mashine inasimama katikati. Mzigo ukizidi jiwe, mkia unanyanyuka. Nimewahi kuona vijana watano wanaitwa wakae mkiani ili mashine iweze kubeba mzigo uliozidi uwezo wake. Walikuwa wanacheka. Kama mkia ungeruka, wangerushwa kama mahindi ya kupepetwa.

Jambo la pili, foklifti haikati kona kama gari. Gari linakata kwa magurudumu ya mbele. Foklifti inakata kwa magurudumu ya nyuma. Dereva akikata kushoto, pembe zinakwenda kushoto lakini mkia unafagia kulia. Wewe uliyesimama kulia kwake unasema huyu ananipisha, kumbe ndiye anayekufuata. Miguu mingi iliyosagwa maghalani imesagwa na gurudumu la nyuma, si la mbele.

Jambo la tatu ni la mafiga. Foklifti nyingi zina magurudumu manne, lakini ekseli ya nyuma imeshikwa katikati kwa pini ili icheze kwenye sakafu yenye mabonde. Kwa hiyo ukiitazama kifundi, inasimama kwa sehemu tatu: gurudumu la mbele kulia, la mbele kushoto, na ile pini ya nyuma. Mama zetu wanaijua habari hii. Sufuria iliyokaa katikati ya mafiga haiendi popote. Ukiisogeza ukingoni, ugali unakula mchanga.

Mzigo ukiwa chini, sentimita kumi na tano au ishirini kutoka sakafuni, uzito wote umetulia ndani ya mafiga. Mzigo ukiwa juu halafu dereva akakata kona kwa haraka, au gurudumu moja likaingia shimoni, uzito unatoka nje ya mafiga na mashine inalala ubavu. Haikupi nafasi ya kusema "astaghfirullah".

Ndiyo maana kila foklifti inatoka kiwandani na kibao cha chuma kilichoandikwa uwezo wake. Kisome. Kama kimeandikwa kilo 2,500, angalia na umbali, mara nyingi sentimita 50. Maana yake ni kwamba inabeba kilo hizo endapo katikati ya mzigo hakupiti sentimita 50 kutoka kwenye ukuta wa pembe. Mzigo ukiwa mrefu kama mbao au mabomba, katikati yake kunasogea mbele, na uwezo unapungua. Ukikuta kibao kimebanduliwa, jua hapo kila mtu anabahatisha, kuanzia dereva hadi meneja.

WANAVYOUMIA WATU

Wenzetu wa Marekani wana taasisi ya serikali ya utafiti wa usalama kazini, inaitwa NIOSH. Ilihesabu vifo vya foklifti katika nchi yao kuanzia 1980 hadi 1994, ikapata watu 1,021. Ikavipanga kwa namna vilivyotokea. Asilimia 22 ni mashine kupinduka. Asilimia 20 ni watu wa miguu waliogongwa. Asilimia 16 ni waliobanwa na mashine. Asilimia 9 ni walioanguka kutoka kwenye foklifti. Nawaletea hesabu ya Marekani kwa sababu mashine ni ile ile. Nyingine zimeletwa hapa mitumba, zimeshachoka huko Japan na Ulaya. Na njia hizo nne, kila aliyefanya kazi godauni anazifahamu.

Kupinduka. Mashine ikianza kulala, mwili wa dereva unamwambia aruke. Akiruka, anaangukia upande ule ule inakoangukia mashine, na lile paa la chuma lililowekwa kumkinga ndilo linalomkandamiza. Kwa foklifti ya kukalia, dereva anatakiwa awe amefunga mkanda, ashike usukani kwa nguvu, akaze miguu, na aegemee upande wa pili. Abaki ndani. Wewe dereva unayesema mkanda unakubana, elewa kwamba umewekwa kwa ajili ya sekunde hiyo moja.

Kugongwa. Dereva amebeba paleti ya katoni iliyopanda mpaka usawa wa macho yake. Haoni mbele. Sheria ya kazi ni kwamba mzigo ukikuziba unaendesha kinyumenyume huku ukitazama unakokwenda. Lakini kinyumenyume shingo inauma, basi anakwenda mbele kwa kubahatisha na kupiga honi, kama honi ipo. Foklifti inayotembea kilomita kumi kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, inakula karibu mita tatu kila sekunde. Wewe unatazama simu kwa sekunde mbili tu kusoma meseji. Ilikuwa mita sita kutoka kwako. Sasa imefika.

Kubanwa. Hapa ndipo vibarua wanapoumia zaidi kwa kadiri nilivyoona mimi. Unasimama kati ya foklifti na ukuta wa kontena kumwelekeza dereva: "Lete, lete, lete." Au unaingiza mkono chini ya mzigo ulioning'inia ili uweke kipande cha ubao. Dereva mguu unateleza, au mpira wa haidroliki unapasuka, na mzigo unashuka. Hakuna mbavu zinazoshindana na chuma. Mwelekeze dereva ukiwa ubavuni, mbali, mahali anapokuona usoni. Na chini ya mzigo ulioinuliwa usipite, hata kama mnyapara mwenyewe anapita.

Kuanguka. "Panda hapa nikunyanyue." Maneno hayo nimeyasikia kila wiki kwa miaka yangu yote ya kazi. Roba za juu kabisa hazifikiki, ngazi hakuna, basi kijana anapanda kwenye paleti, anapandishwa mita nne, tano, hana cha kushika. Paleti haikufungwa popote. Akivuta roba moja kwa nguvu, paleti inateleza na yeye anakuja nayo. Paleti ni ya mizigo. Mtu anapandishwa kwa kizimba maalumu chenye uzio, kilichofungwa kwenye mashine. Kama kampuni haina kizimba, inunue ngazi.

Kuna na mawili ambayo hayasemwi. Moja ni lori. Foklifti inaingia ndani ya kontena lililo juu ya trela kutoa mzigo. Dereva wa lori anadhani wamemaliza, au breki zake zimelegea, trela linasogea, foklifti inaanguka pengoni na dereva wake ndani. Dawa yake haina gharama: kabari chini ya matairi ya trela, na ufunguo wa lori ukae kwa mtu wa godauni mpaka kazi iishe.

Jingine ni moshi. Foklifti za petroli na za gesi zikiunguruma ndani ya godauni lililofungwa zinatoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ikifika saa nane mchana kichwa kinauma, mnahisi kichefuchefu, mnasema ni njaa. Huenda ni njaa. Lakini kama kichwa kinapoa ukitoka nje na kinarudi ukiingia ndani, hiyo si njaa. Fungueni milango.

USISEME NI BAHATI MBAYA

Kijana akisagwa mguu, watu wanasema "bahati mbaya", au "ilipangwa". Mimi ni mtu wa dini na sibishani na mipango ya Mungu. Lakini Mungu hakumwambia meneja akate waya wa king'ora cha kurudi nyuma kwa sababu kinampigia kelele ofisini.

Tufuatilie mguu huo ulisagwaje. Kontena likitoka bandarini lina siku zake. Likichelewa kurudishwa tupu, mwenye mzigo analipa fedha za kuchelewesha, tena kwa dola. Kwa hiyo anamsukuma meneja. Meneja anamsukuma mnyapara. Mnyapara anawapa vibarua bei ya kontena zima, si ya siku: mkimaliza mapema mnapata na la pili. Sasa kila mtu ana haraka, na wewe mwenyewe una haraka kuliko wote kwa sababu watoto wanasubiri unga. Dereva mwenye ujuzi amekwenda kula. Ufunguo uko kwenye mashine. Utingo aliyewahi kuendesha mara mbili anapanda: deiwaka! Sakafuni hakuna mstari unaoonyesha watu wapite wapi na mashine ipite wapi. Taa mbili kati ya tatu zimeungua tangu mwaka jana.

Ndipo gurudumu la nyuma linapita juu ya mguu wa mtu. Hapo bahati mbaya iko wapi? Kila hatua ina mtu aliyeamua, na kila uamuzi ulimwokolea mtu fedha. Gharama ya kuchelewa haikufutika. Imehamishwa tu, kutoka kwenye akaunti ya mwenye mzigo kwenda kwenye kifundo cha mguu wa kibarua.

Na usidhani kuendesha foklifti ni sawa na kuendesha gari. Marekani walitunga kanuni mwaka 1998 kwamba haruhusiwi mtu kuiendesha mpaka afundishwe darasani na kwa vitendo, apimwe kwenye mashine ile ile na mahali pale pale atakapofanyia kazi, kisha apimwe upya angalau kila miaka mitatu. Mwenye umri chini ya miaka 18 haguswi kabisa. Hapa kwetu unakuta kijana wa miaka kumi na saba anaikimbiza uani na wenzake wanampigia makofi.

HABARI YA KIJANA MMOJA

Nilifanya kazi na kijana mmoja. Jina lake sitalitaja, na kampuni sitaitaja. Gurudumu lilimpitia mguu wa kulia saa tano asubuhi. Alikuwa amevaa raba za mitumba. Bosi alitoa gari, nampa sifa hiyo, akatoa na elfu hamsini za mfukoni, akamwambia: "Pole sana, kijana wangu. Ukipona rudi, kazi yako ipo."

Hospitali wakamkata vidole vitatu. Alikaa nyumbani miezi mitano. Mkewe akaanza kuuza maandazi. Aliporudi, mlinzi wa getini alikuwa mpya na jina lake halikuwamo katika daftari. Akaomba kumwona bosi. Bosi akasema: "Wewe hukuwa mtu wangu, ulikuwa mtu wa dalali wa vibarua." Akamtafuta dalali. Dalali akasema: "Mimi nakusanya watu tu, mwenye kazi ni mwenye godauni." Kijana akabaki hana mwajiri, kama vile ule mguu ulikanyagwa ukiwa matembezini.

Nataka uone kilichomponza. Mguu ulikanyagwa siku moja, lakini haki yake iliponyoka kidogo kidogo ndani ya miezi ile mitano ya kungoja neno la bosi. Alipokea pole akadhani ni fidia. Pole ni adabu, mtu anakupa akipenda. Fidia ni deni, na deni linadaiwa.

SHERIA INASEMAJE?

Zamani kudai kulikuwa hakuna maana kubwa. Sheria ya fidia tuliyorithi kwa mkoloni ilikuwa na viwango vilivyoachwa nyuma na thamani ya shilingi. Mtu aliyepata ulemavu wa kudumu kabisa, kiwango chake cha juu kilikuwa shilingi laki moja na elfu kadhaa. Kwa maisha mazima!

Bunge likapitisha Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya mwaka 2008. Ukapita muda, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2015. Sikilizeni yaliyomo, maana ndiyo mnayofichwa.

Kwanza, anayechangia ni mwajiri peke yake. Haruhusiwi kukukata wewe hata senti. Na mchango wenyewe ni mdogo: kwa sekta binafsi ulianza asilimia moja ya mishahara yote, ukashushwa mpaka nusu asilimia mwaka 2022. Mwajiri anayelipa mishahara ya milioni kumi kwa mwezi anachangia elfu hamsini. Elfu hamsini! Zile zile alizopewa kijana wetu mfukoni. Kwa hiyo bosi anayekwepa kukusajili hakwepi mzigo. Anakwepa kuonekana kwamba ana watu.

Pili, sheria haikuulizi kama una barua ya ajira. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Kulipwa kwa siku, kwa mwezi au kwa kazi, vyote vinahesabika.

Tatu, huhitaji kuthibitisha kwamba bosi alikuwa mzembe. Inatosha kwamba uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi.

Nne, malipo yenyewe. Kuna gharama za matibabu. Ukiwa huwezi kufanya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya kipato chako cha mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Aliyekuwa anapata laki tatu atapata laki mbili na elfu kumi, na mke hatalazimika kuuza maandazi kwa machozi. Ulemavu wa kudumu ukipimwa asilimia 30 au chini yake, unalipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, ni pensheni ya kila mwezi. Kuna fedha za mazishi, na wategemezi wa marehemu nao wana fungu lao.

Tano, na hili lishike kuliko yote: kuna saa inayokimbia. Mwajiri akishapewa taarifa ya ajali, ana siku saba za kuifikisha kwa Mfuko. Na taarifa isipotolewa ndani ya miezi 12, haki yako inapotea. Ndiyo maana "ukipona rudi" ni maneno matamu yenye sumu.

Upande wa kuzuia ajali ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, na wakala wake, OSHA. Sehemu ya kazi inatakiwa isajiliwe na ikaguliwe, na mitambo ya kunyanyulia mizigo ikaguliwe na wenye sifa. Swali langu kwa wakubwa ni moja: mkaguzi anakuja saa ngapi? Akija saa nne asubuhi kwa miadi, atakuta foklifti imeoshwa na vibarua wamefichwa uani. Aje saa mbili usiku kontena la nne linapofunguliwa. Hapo ataiona kazi ilivyo.

SIKU YA AJALI FANYA HIVI

Kama ni mwenzako ameumia, zima mashine kwanza. Asitokee shujaa wa kurudisha foklifti nyuma juu ya mguu ule ule. Aliyeanguka kutoka juu au aliyepigwa mgongoni msimburute wala msimkalishe. Mwacheni alale hivyo hivyo, mmoja amshike kichwa kisigeuke, mwingine aite msaada. Damu inayotoka kwa nguvu, ikandamizeni kwa kitambaa safi na msiachie.

Pigeni picha. Simu hizo mnazotazamia mpira zina kamera. Piga mashine, namba yake, sakafu, mzigo, viatu. Kesho asubuhi sakafu itakuwa imefagiliwa.

Andikeni majina ya mashahidi wawili au watatu, na saa ilipotokea.

Hospitali mweleze daktari kwamba umeumia kazini, na uhakikishe ameandika hivyo. Akiandika "alianguka nyumbani" kwa sababu aliyekuleta kamnong'oneza, umekwisha.

Tafuta ushahidi kwamba ulikuwa unafanya kazi pale. Meseji ya malipo ya simu kutoka kwa mnyapara, daftari la getini, picha mliyopiga wakati wa chakula. Kuanzia leo, mtu akikulipa kwa simu, usifute meseji hiyo.

Toa taarifa kwa mwajiri kwa maandishi, baki na nakala. Usisubiri akupelekee mambo yako. Nenda mwenyewe, au mtume ndugu yako, ofisi ya WCF. Bosi akiwa hajajisajili, hilo ni kosa lake mbele ya sheria. Usikae kimya ukidhani kosa lake limefuta haki yako.

Na karatasi yoyote utakayoletewa kitandani uisaini, mwambie mletaji aiache usome kwanza. Kama ni halali, itakuwa halali na kesho.

"NIKISEMA NITAFUKUZWA"

Najua mnachofikiri. Mzee huyu anazungumza vizuri, lakini kesho nikiuliza habari ya honi, mnyapara atasema "wewe pembeni" na atamwita mwingine. Ni kweli. Wapo mia wanaosubiri getini, na mnyapara anawahesabu kila asubuhi. Sitawadanganya kwamba sheria inatembea yenyewe mpaka getini kukushika mkono.

Lakini kumbukeni mji huu. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, na tena mwaka 1947, na ule wa 1947 ukasambaa kwa kufuata reli mpaka bara. Wengi wao walikuwa vibarua wa siku kama nyinyi. Hawakuwa na barua za ajira, na geti lao nalo lilikuwa na mamia wanaosubiri. Walichokuwa nacho ni kwamba walijuana na walizungumza kabla ya kufika getini.

Sijaja kuwaambia mgome. Nawaambia mzungumze. Kila godauni lina kijiwe chake, pale mnaponywa chai ya asubuhi. Hapo hapo, kabla jina halijaitwa, kubalianeni masharti matatu ambayo hayamgharimu bosi hata senti. Moja: ufunguo wa foklifti haushikwi na mtu ambaye hakufundishwa; dereva akienda kula, anakwenda nao. Mbili: watu wana njia yao na mashine ina njia yake, hata kama mstari ni wa chokaa. Tatu: hakuna mtu anayepandishwa juu ya pembe au paleti. Akisema mmoja, ataonekana mkorofi. Wakisema thelathini, na kontena linasubiri huku dola zinahesabu, mnyapara atatafuta chokaa.

Na wewe dereva, usijione bosi mdogo. Wewe na kibarua mko kwenye mafiga yale yale. Jina litakaloandikwa katika maelezo ya polisi siku mtu akifa ni lako, si la meneja aliyekuambia uharakishe. Kagua mashine yako kabla ya kazi: breki, usukani, honi, minyororo ya kunyanyulia, matairi, mipira ya haidroliki. Ni dakika tano. Ikiwa mbovu, sema mbele ya watu kwamba ni mbovu, na iandikwe.

Yule kijana wa vidole vitatu nilimwona mwaka jana. Ana genge la mboga. Anachechemea, lakini anaishi. Nilimuuliza kama angejua habari ya miezi 12 angefanya nini. Akanijibu, "Ningekwenda siku ile ile, hata kwa kubebwa."

Nyinyi mmeshajua. Waambieni na wale wasiosoma gazeti.